Jinsi ya kukadiria shaka katika safari ya sesiamu-137 kutoka udongoni hadi kwenye maziwa

Tarehe 20 Juni 1986, wiki saba hivi baada ya mvua ya mwanzoni mwa Mei kuangusha sesiamu yenye mionzi, iliyotoka kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, juu ya vilima vya Cumbria na kaskazini mwa Wales, serikali ya Uingereza ilizuia kondoo wa maeneo hayo kuhamishwa na kuchinjwa. Ilitarajiwa kwamba zuio lingekwisha baada ya wiki chache. Mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012. Hesabu zilizoleta tumaini hilo hazikukosewa kujumlisha wala kuzidisha. Zilichukua tabia ya sesiamu kwenye udongo wa mabondeni wenye mfinyanzi, ambao huing'ang'ania sesiamu isirudi kwenye mizizi, zikaipeleka kwenye udongo wa mboji wa milimani, wenye asidi, mfinyanzi kidogo na potasiamu haba. Kwenye udongo wa namna hiyo sesiamu hubaki ikizunguka kati ya mzizi na jani mwaka baada ya mwaka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetakiwa kutoa namba: maziwa ya eneo hili yatakuwa na bekereli ngapi kwa lita (bekereli moja ni atomi moja inayooza kwa sekunde), na namba hiyo iaminiwe kiasi gani. Msingi wake ni mmoja: kadirio lisilo na upana wa shaka halijakamilika, na upana huo unahesabika kwa kalamu, karatasi na lahajedwali ya kawaida.

Hatua ya 1: Funga swali

Kabla ya kugusa namba, andika sentensi moja yenye mambo matano: kiini gani cha mionzi, chakula gani, cha nani, wakati gani, na wastani wa nini. "Sesiamu kwenye maziwa" si swali. "Wastani wa mwaka wa sesiamu-137 kwenye maziwa ya ng'ombe wa shamba moja wanaolishwa nyasi za hapo, miaka mitatu baada ya ajali" ni swali.

Wakati ndio unaoamua utumie hesabu ipi. Wiki za kwanza, uchafuzi umekaa juu ya majani, na kinachotawala ni mvua, wingi wa majani na kasi ya majani kujisafisha. Iodini-131 ina nusumaisha, yaani muda wa nusu yake kuoza, ya siku 8. Ukichukua kwamba majani hupoteza nusu ya kilichoangukia juu yake kwa siku 14, nusumaisha ya pamoja huwa siku 5 tu. Kujisafisha huko kukiwa kwa siku 8 badala ya 14, jibu linakuwa siku 4. Kukiwa kwa siku 23, linakaribia 6. Utaona shaka ya kigezo hiki inaumiza kidogo, kwa sababu kuoza kwa iodini yenyewe kunaibana. Kwa sesiamu-137, yenye nusumaisha ya miaka 30, hakuna cha kukubana: ikishaingia udongoni, mizizi na udongo ndivyo vinavyoamua kila kitu. Kuanzia hapa tunashughulika na awamu hiyo ya pili.

"Wastani wa nini" nayo ina uzito. Ng'ombe mmoja, zizi moja, na tangi la kiwanda linalokusanya maziwa ya mashamba hamsini ni maswali matatu tofauti. Tofauti kati ya shamba na shamba ni hali halisi ya dunia. Hata ukipima vizuri vipi haiondoki, ila inajichanganya ndani ya tangi. Kutojua kwako ni kitu kingine, na hicho hupungua ukipima. Ukivichanganya hivi viwili, utamwambia mwenye kiwanda kwamba hatari yake ni kubwa kuliko ilivyo, na utamwambia mwenye shamba la mboji kwamba yake ni ndogo kuliko ilivyo.

Hatua ya 2: Chora njia zote, hata zile unazodhani ni ndogo

Chora kwa mishale: udongo, nyasi, ng'ombe, maziwa, mtu. Kisha uliza kwa kila mshale: kuna njia nyingine ya kufika hapa? Lishe ya kununua? Maji ya kijito? Udongo wenyewe ukimezwa pamoja na nyasi?

Japani ililipa gharama ya mshale uliosahaulika. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, wafugaji waliambiwa wasiwape mifugo malisho yaliyokuwa wazi wakati wa ajali. Lakini mabua ya mpunga yaliyoachwa mashambani tangu mavuno ya vuli iliyotangulia yaliendelea kuuzwa kama lishe, hata nje ya mkoa wenyewe. Julai mwaka huo nyama ya ng'ombe iliyozidi kikomo cha wakati huo cha bekereli 500 kwa kilo iligundulika baada ya kuwa imeshaingia sokoni. Hakuna mkokotoo wa takwimu ungeweza kuonyesha hilo, kwa sababu njia hiyo haikuwemo kwenye mchoro. Kaa na mfugaji, mwombe akueleze mwaka mzima wa ulishaji mwezi kwa mwezi, na uandike anakonunua kila gunia.

Udongo unaomezwa unastahili mshale wake. Tuchukue ng'ombe anayekula kilo 16 za malisho makavu kwa siku, na juu yake udongo sawa na asilimia 5 ya uzito huo, yaani kilo 0.8. Udongo ukiwa na bekereli 154 kwa kilo, anameza bekereli 123 kwa siku kwa njia hiyo. Kama nyasi zina bekereli 38 kwa kilo, nyasi zinampa zaidi ya 600, na udongo ni nyongeza tu. Lakini kwenye mfinyanzi mzito nyasi zinaweza kuwa na bekereli 3 kwa kilo, na hapo nyasi zinampa 48 tu. Sesiamu ya udongoni hunyonywa kwa shida zaidi tumboni, hivyo haiingii yote kwenye hesabu, ila sasa huwezi kuipuuza.

Hatua ya 3: Andika mlinganyo na vipimo vyake

Maziwa (Bq/L) = [uchafuzi wa ardhi (Bq/m²) ÷ uzito wa udongo (kg/m²)] × uhamisho wa udongo hadi nyasi × chakula cha ng'ombe (kg/siku) × uhamisho wa chakula hadi maziwa (siku/L)

Mfano tutakaoutumia hadi mwisho: ardhi ina bekereli 20,000 kwa mita mraba. Udongo wa sentimita 10 za juu, wenye uzito wa gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, una kilo 130 kwa mita mraba. Kwa hiyo udongo una bekereli 154 kwa kilo. Kigezo cha uhamisho wa sesiamu kutoka udongo hadi nyasi za malisho (bekereli za kilo ya nyasi kavu zikigawanywa kwa bekereli za kilo ya udongo), udongo wa aina zote, kwenye kitabu cha vigezo cha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, cha mwaka 2010 (namba 472), kina wastani wa kijiometri (wastani wa namba zinazotawanyika kwa kuzidisha, tazama Hatua ya 4) wa karibu 0.25. Nyasi basi: bekereli 38 kwa kilo kavu. Zidisha kwa kilo 16: bekereli 615 kwa siku. Kigezo cha maziwa ya ng'ombe kwenye kitabu hichohicho ni 0.0046 siku kwa lita. Jibu: bekereli 2.8 kwa lita.

Makosa makubwa zaidi katika kazi hii hutokea hapa, na ni ya vipimo. Nyasi mbichi zina kama asilimia 20 tu ya ukavu. Ukizidisha kigezo cha nyasi kavu kwa kilo za nyasi mbichi, umekosea mara tano, na jibu bado litaonekana la kuaminika. Kosa la pili ni kuchanganya kigezo cha kilo kwa kilo na kile kinachotolewa kwa mita mraba kwa kilo. Kwenye mfano wetu 0.25 ni sawa na 0.0019 m²/kg, na majedwali mengi ya msituni na milimani hutumia hicho cha pili. La tatu ni tarehe: kila bekereli iandikwe pamoja na siku yake, hasa kama sesiamu-134 imo kwenye jumla, maana hiyo nusumaisha yake ni miaka 2 tu.

Hatua ya 4: Kipe kila kigezo mtawanyiko wake

Vigezo vya uhamisho havitawanyiki kwa kuongeza na kupunguza. Hutawanyika kwa kuzidisha na kugawanya. Ndiyo maana hutumiwa wastani wa kijiometri na mkengeuko sanifu wa kijiometri, ambao hapa tutauita kizidishi. Kizidishi cha 2 maana yake ni kwamba theluthi mbili hivi za thamani ziko kati ya nusu ya wastani na mara mbili yake. Kwa asilimia 95, kizidishi hupandishwa kwenye kipeo cha 1.96, yaani karibu mara nne juu na mara nne chini.

Kwa mfano wetu:

- Uchafuzi wa ardhi: 1.5. Hapa mna kosa la kupima na tofauti kati ya kona na kona ya shamba.
- Uzito wa udongo: 1.2.
- Udongo hadi nyasi: 4. Kitabu kinaonyesha thamani kuanzia 0.01 hadi 5.
- Chakula cha ng'ombe: 1.2.
- Chakula hadi maziwa: 2.

Usikopi kizidishi cha jedwali bila kujiuliza kinabeba nini. Namba 4 ya nyasi imekusanya mchanga, mfinyanzi na mboji, mashamba yenye mbolea na yasiyo nayo, sampuli zilizooshwa na zisizooshwa. Kama unajua shamba lako ni la mboji, wastani wa 0.25 si wako: kitabu hichohicho kinatoa karibu 0.76 kwa udongo wa aina hiyo. Na kama uko mbali na ulikotoka ushahidi, ongeza kizidishi, usikipunguze. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilifanyika Ulaya. Udongo mwekundu wa kitropiki, ambao mfinyanzi wake mwingi ni kaolini, hauna zile nafasi nyembamba za madini ya ilaiti zinazoikamata sesiamu, na anayekokotoa kwa ajili ya malisho ya Njombe au Kericho kwa namba za Ulaya lazima aseme hivyo waziwazi.

Kisiwa cha Bikini, kwenye Bahari ya Pasifiki, kinaonyesha bei ya kupuuza udongo. Marekani ililipua mabomu ya majaribio huko kati ya 1946 na 1958, na baadhi ya wenyeji walirudi miaka ya 1970. Udongo wa matumbawe hauna mfinyanzi na una potasiamu kidogo mno, kwa hiyo minazi ilivuta sesiamu-137 kwa wingi, na watu waliokula nazi na kunywa madafu walionekana wakijaza sesiamu mwilini. Mwaka 1978 wakahamishwa tena. Baadaye majaribio yalionyesha kwamba kumwaga potasiamu kwenye minazi hiyo kunapunguza sana sesiamu ndani ya nazi. Kwa mtu wa pwani anayejua mnazi na udongo wa matumbawe, somo hili halihitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 5: Unganisha kwa mkono kwanza

Mlinganyo ukiwa wa kuzidisha tupu, huhitaji programu yoyote. Chukua logarithimu asilia ya kila kizidishi, ipige kipeo cha pili, kisha jumlisha:

- 1.5: logi 0.405, kipeo cha pili 0.164
- 1.2: logi 0.182, kipeo cha pili 0.033
- 4: logi 1.386, kipeo cha pili 1.922
- 1.2: tena 0.033
- 2: logi 0.693, kipeo cha pili 0.480

Jumla ni 2.63. Kipeuo chake cha pili: 1.62. Kizidishi cha jumla ni 5.1. Kwa asilimia 95 ni mara 24 kila upande: maziwa yako kati ya bekereli 0.12 na 68 kwa lita, katikati ikiwa 2.8. Asilimia 5 ya juu inaanzia kwenye bekereli 41, yaani asilimia 95 ya thamani ziko chini ya hapo.

Wengi huona upana huu wakaona aibu kuuandika. Uandike. Ndicho unachokijua kwa kweli pale unapokuwa na ramani ya uchafuzi na jedwali tu.

Angalia pia pengo kati ya thamani ya katikati na wastani wa kawaida. Wastani wa kawaida ni 2.8 × e^(2.63÷2), yaani bekereli 10.5 kwa lita, karibu mara nne ya thamani ya katikati, kwa sababu mkia wa juu ni mrefu. Ukikadiria dozi ya jamii nzima, unahitaji huo wastani wa 10.5. Ukimweleza mfugaji mmoja jinsi shamba lake linavyoelekea kuwa, 2.8 inamfaa zaidi. Ripoti isiyosema imetumia ipi haifai kulinganishwa na nyingine.

Hatua ya 6: Tafuta vigezo vinavyokwenda pamoja

Hesabu ya hapo juu imechukulia kwamba kila kigezo kinajitegemea. Mara nyingi si kweli, na madhara yake si madogo. Mvua ya Mei 1986 ilinyesha zaidi vilimani, na vilimani ndiko kwenye mboji. Kwa hiyo palipoanguka sesiamu nyingi ndipo palipokuwa na uhamisho mkubwa. Tuseme uhusiano kati ya uchafuzi na kigezo cha nyasi ni 0.5. Ongeza kwenye jumla 2 × 0.5 × 0.405 × 1.386 = 0.56. Jumla inakuwa 3.19, na upana wa asilimia 95 unapanda kutoka mara 24 hadi mara 33.

Uhusiano wa kinyume upo pia, na huo hupunguza upana. Katika ng'ombe, kigezo cha maziwa huelekea kushuka chakula kikiongezeka. Ukiviacha vitembee ovyo kila kimoja kivyake, utazalisha ng'ombe wasiokuwepo duniani.

Kuna aina ya tatu, na hii ndiyo hupitwa: mashamba kumi ya bonde moja yana udongo uleule. Kama umekosea kigezo cha nyasi kwa shamba la kwanza, umekosea kwa yote kumi, upande uleule. Usijumlishe makosa hayo kana kwamba yatafutana.

Hatua ya 7: Rudia kwa Monte Carlo

Mlinganyo ukiwa na kujumlisha ndani yake (nyasi pamoja na udongo uliomezwa, kwa mfano) au mipaka, njia ya mkono haitoshi. Hapo hutumiwa Monte Carlo: kurudia hesabu mara maelfu, kila mara kwa thamani zilizochaguliwa kwa nasibu. Kwenye lahajedwali, kila kigezo kipe safu yake, na kwenye kila seli andika fomula ya namna hii:

=0.25*EXP(LN(4)*NORM.S.INV(RAND()))

Hiyo ni ya nyasi, badilisha 0.25 na 4 kwa vigezo vingine. Safu ya mwisho izidishe zote, isipokuwa uzito wa udongo, ambao hugawanya. Teremsha hadi mistari 10,000, kisha soma thamani ya katikati, ile ya asilimia 95 kwa PERCENTILE, na wastani.

Jaribu kwanza na mfano wetu mtupu: katikati ije karibu na 2.8 na asilimia 95 karibu na 41. Ikija tofauti, kuna seli imekosewa, usiendelee mbele. Asilimia 95 hutulia mapema kwa sababu mistari 500 iko juu yake, ila wastani huyumba kila unapobonyeza kukokotoa upya, maana mistari michache ya mkiani inauvuta. Ukihitaji wastani thabiti, tumia mistari 100,000 au ile fomula ya mkono.

Weka mipaka ya akili. Mtawanyiko wa lognomali, yaani huu wa kuzidisha na kugawanya, hauna dari, na mara chache utatoa kigezo cha nyasi cha 40, kitu ambacho hakijaonekana popote kwenye ukusanyaji uliotaja 5 kuwa juu kabisa. Kata mkia huo, na uandike ulipokata. Lakini usikate ili tu jibu lipendeze.

Ili kutenganisha tofauti halisi na kutojua, endesha mizunguko miwili: wa nje unachagua yale usiyoyajua (wastani wa kigezo kwa udongo huu), wa ndani unachagua mashamba na ng'ombe. Matokeo huwa familia ya mistari, si mstari mmoja: "kati ya asilimia 2 na 15 ya mashamba yatazidi kikomo." Sentensi ya namna hiyo afisa wa afya anaweza kuifanyia kazi.

Hatua ya 8: Uliza shaka inatoka wapi, kisha upime hapohapo

Gawanya kila kipeo cha pili kwa jumla. Nyasi: 1.92 ÷ 2.63, asilimia 73. Maziwa: asilimia 18. Uchafuzi wa ardhi: 6. Vilivyobaki, kidogo zaidi ya moja moja. Kwa bajeti ndogo, kuongeza ndege za kupima ardhi kwa usahihi zaidi ni kutupa fedha, hata kama ramani zake huvutia.

Kata nyasi zenyewe uzipime. Ukishapima nyasi, vigezo vitatu vya mwanzo vinaondoka vyote, na badala yake unaweka kimoja chenye kizidishi cha, tuseme, 1.5, kwa ajili ya mabadiliko ya msimu na ya sehemu. Jumla mpya: 0.164 + 0.033 + 0.480 = 0.68. Upana wa asilimia 95 unashuka kutoka mara 24 hadi mara 5. Siku moja ya kazi ya shambani inafanya hivyo.

Namna ya kukata: fremu ya nusu mita kwa nusu mita, sehemu 16 zilizotawanywa kwa nasibu, si zile zilizo karibu na lango. Kata kwa urefu anaouachia ng'ombe, usiguse udongo. Kama sehemu moja moja zinatofautiana kwa kizidishi cha 2, mchanganyiko wa 16 unakupa wastani wenye kosa la karibu asilimia 20. Pima uzito mbichi palepale, kausha hadi uzito usibadilike tena, saga, jaza chombo cha Marinelli (chombo cha maabara kinachokizunguka kifaa cha kupima mionzi) cha lita moja kwa kushindilia sawasawa. Ukishuku udongo kwenye sampuli, omba maabara ipime titani: nyasi safi zina titani kidogo mno, udongo unayo nyingi.

Kwa udongo, bomba la kipenyo cha sentimita 5, vipande 16, vinakupa eneo la sentimita za mraba 314. Kosa la milimita moja kwenye kipenyo ni asilimia 4 kwenye jibu, hivyo pima mdomo wa bomba kwa kalipa, usitegemee namba iliyochapwa ubavuni. Kwenye mboji bomba husukuma na kushindilia. Pima kina cha shimo, si urefu wa kipande kilichotoka.

Maabarani, sesiamu-137 husomwa kwenye mstari wa 662 keV (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi). Mipigo 400 halali hukupa kosa la kuhesabu la asilimia 5. Maziwa ya bekereli 2.8 kwa lita, kwenye kifaa chenye ufanisi wa asilimia 3, yatahitaji zaidi kidogo ya saa moja na nusu kufika hapo, kabla ya kuondoa mionzi ya mazingira. Sampuli zinazotoka "chini ya kiwango cha ugunduzi" zisiandikwe sifuri, wala zisipewe kiwango chenyewe. Sifuri huvuta wastani chini na huvunja logi. Kiwango huvuta juu. Linganisha mtawanyiko wa lognomali na zile zilizoonekana, huku ukihesabu idadi ya zisizoonekana.

Hatua ya 9: Linganisha na vipimo ambavyo hukuvitumia

Baada ya Chernobyl, mradi wa IAEA ulioitwa VAMP uliwapa wataalamu wa nchi mbalimbali data za uchafuzi za Bohemia ya Kati na kusini mwa Finland, ukawaomba wakadirie chakula na miili ya watu kabla ya kuona vipimo halisi. Mengi yaliyofichuka yalihusu mkadiriaji mwenyewe: watu wenye maelezo yaleyale walichagua vigezo tofauti na kuelewa lishe kwa namna tofauti. Kwa hiyo mpe mwenzako karatasi ya maelezo, akokotoe peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kuliko upana wenu wa asilimia 95, upana huo ni mwembamba mno.

Kwa kila shamba lililopimwa, gawa kadirio kwa kipimo. Chora uwiano huo kwa logi. Ukiona umetawanyika sawa pande zote za moja, vigezo vyako vina shaka tu. Ukiona wote wameegemea upande mmoja, mlinganyo wenyewe una kasoro: njia imesahaulika, udongo si ule uliodhania, au lishe imebadilika. Usirekebishe hali hiyo kwa kuongeza kizidishi. Rudi Hatua ya 2.

Hatua ya 10: Geuza upana kuwa uamuzi

Kikomo cha kwenye karatasi na kikomo cha kufanyia kazi si kimoja. Kondoo wa Uingereza walikuwa na kikomo cha bekereli 1,000 kwa kilo, lakini kondoo hai aliyepimwa kwa kifaa cha mkononi alizuiwa akisoma 645. Kifaa kikisoma pungufu hata kwa theluthi, nyama bado ingekuwa ndani ya kikomo. Aliyevuka 645 alipakwa rangi na hakuruhusiwa kuchinjwa kwa miezi mitatu. Hapo ndipo shaka inapokaa: ndani ya namba ambayo mfanyakazi wa zizini anaiona.

Kodeksi ya chakula ya FAO na WHO ina kiwango elekezi cha bekereli 1,000 kwa kilo kwa sesiamu na 100 kwa strontiamu-90 na iodini-131, kwa vyakula vinavyouzwa kati ya nchi baada ya ajali. Japani tangu Aprili 2012 inatumia 50 kwa maziwa. Mfano wetu, wenye mpaka wa asilimia 95 wa bekereli 41, unapita kwenye vyote viwili, ila kwenye cha Japani unapita kwa shida, na ukingo wa juu wa ule upana wa asilimia 95, yaani 68, unaruka juu. Sema hivyo kwa maneno, si "salama".

Kwa dozi, mtu mzima anayekunywa nusu lita kwa siku kwa mwaka mzima atapata mikrosiveti 6.6 (siveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini, na mikrosiveti ni sehemu yake ya milioni) kwa thamani ya katikati, na karibu 97 kwenye asilimia 95, kwa kutumia kigezo cha siveti 0.000000013 kwa bekereli. Mfugaji anayekunywa lita mbili, zidisha kwa nne. Katika jamii za wafugaji ulaji huo si wa kubuni, na wastani wa taifa haumwoni mtu huyo. Mbuzi mkokotolee peke yake: kigezo chake cha maziwa ni karibu 0.11, na ingawa anakula kilo moja na nusu tu, kwenye nyasi zilezile za bekereli 38 maziwa yake yatafika 6.3 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya ng'ombe.

Vipimo vikianza kuja, vichanganye na kadirio kwa logi, kila kimoja kwa uzito wa moja kugawanywa kwa kipeo cha pili cha logi ya kizidishi chake. Tangi la shamba likipimwa bekereli 9, kwa kizidishi cha 1.3, uzito wa kipimo ni 14.5 dhidi ya 0.38 wa kadirio, na jibu jipya ni 8.7. Kadirio la jedwali limezama, na ndivyo inavyotakiwa. Linabaki na kazi kwa mashamba ambayo hujayafikia, na hata huko lisogeze: kama mashamba yaliyopimwa ya udongo uleule yamekuja mara tatu juu ya kadirio, anza na mara tatu hiyo kwa jirani zao, ukiwapangia zamu ya kupimwa kabla ya wengine.